Watu Watano, Jina Moja: Habari za Sahani Iliyovuma Mwaka 1964

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa aandike maneno mapya ubaoni kabla ya kipindi kuanza. Maswali yako mwishoni.)

Natumaini mmekwisha kuketi, taa imewashwa, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya wimbo mmoja. Wimbo huo ulipigwa na vijana watano, ukauzwa katika nchi nyingi, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Lakini ilipofika saa ya kuandika ni nani aliyeupanga muziki wake, liliandikwa jina moja tu. Leo tutaona jambo hilo lilitokeaje, na lilileta nini.

Labda mtu atauliza: "Sisi tunajifunza kusoma na kuandika. Wimbo wa ng'ambo unatuhusu nini?" Ngojeni kidogo. Kabla hatujaagana mtaona kwamba habari hii yatuhusu sana, maana ni habari ya jina la mtu kwenye karatasi.

MANENO MAPYA

Tazameni ubaoni. Tusome pamoja maneno matano.

Sahani ya santuri: ni duara jembamba la plastiki lenye mfereji mwembamba uliozunguka. Sindano ikipita ndani ya mfereji huo, sauti hutoka.

Kibandiko: ni karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani. Juu yake huandikwa jina la wimbo, jina la bendi, na jina la mtunzi.

Wimbo wa asili: ni wimbo tuliopokea kwa wazee, usiojulikana aliyeutunga.

Kupanga muziki: ni kuamua wimbo upigwe namna gani, chombo gani kianze, kipi kifuate, upigwe haraka au polepole.

Mrabaha: ni fedha anayolipwa mwenye kazi kila mara kazi yake inapouzwa au inapotumiwa na watu wengine.

Vizuri. Sasa tuanze.

1. WIMBO ULIKOTOKA

Wimbo wetu kwa Kiingereza huitwa The House of the Rising Sun, maana yake ni Nyumba ya Jua Linalochomoza. Ni wimbo wa huzuni. Mwimbaji anasimulia habari za nyumba moja katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani. Nyumba hiyo imewaharibu vijana wengi, naye mwenyewe ni mmoja wao. Anajuta, na anataka wengine wasifuate njia yake.

Nani aliutunga? Hakuna jina. Ulikuwa wimbo wa watu wa kawaida, waliokuwa wakiupokezana kwa mdomo, kama sisi tunavyopokezana nyimbo za mavuno na za harusi. Kila aliyeupokea aliongeza neno hapa, akapunguza neno pale. Wengine waliuimba kama maneno ya msichana, wengine kama maneno ya mvulana.

Sahani ya kwanza inayojulikana yenye wimbo huo ilitengenezwa mwaka 1933 na wanamuziki wawili wa Marekani, Clarence Ashley na Gwen Foster. Ashley alisema kwamba yeye aliupokea kwa babu yake. Basi, hata wakati huo ulikwisha kuwa wimbo wa zamani.

Mwaka 1937 Mmarekani mmoja kijana, Alan Lomax, alikuwa akizunguka jimbo la Kentucky na mashine ya kunasa sauti. Alikuwa akifanya kazi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, nayo ilikuwa kazi ya kukusanya nyimbo za watu wa vijijini na wa migodini kabla hazijasahaulika. Mwezi wa Septemba alifika Middlesboro, mji wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Huko alimsikia msichana wa miaka 16, jina lake Georgia Turner, binti wa mchimbaji, akiuimba wimbo huu. Akainasa sauti yake.

Mwaka 1941 Lomax alichapa wimbo huo katika kitabu. Humo alitaja jina la Georgia Turner, na pamoja nalo jina la Bert Martin, mwimbaji mwingine wa Kentucky aliyempa maneno mengine ya wimbo. Kumbukeni jambo hili. Watu wengi waliimba wimbo huu kabla ya Georgia Turner, lakini majina yao hatuyajui. Jina la binti huyu tunalijua kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye kalamu aliyemwuliza, akaandika.

Baada ya hapo wimbo ulitembea. Uliimbwa na Woody Guthrie, na Lead Belly, na Josh White. Baadaye uliimbwa na Joan Baez na Nina Simone. Katika mji wa New York kulikuwa na mpiga gita aliyeitwa Dave Van Ronk. Yeye aliupanga upya, akabadilisha sauti za gita ili huzuni yake isikike zaidi. Rafiki yake mdogo, Bob Dylan, aliupenda mpango huo. Mwezi wa Novemba 1961 Dylan alikuwa akirekodi sahani yake kubwa ya kwanza, naye akautia wimbo huo ndani kwa mpango wa Van Ronk. Ndipo akaenda kumwomba ruhusa. Van Ronk akamjibu kwamba yeye mwenyewe alikuwa akikusudia kuurekodi. Lakini sauti ilikwisha kunaswa.

Sahani ya Dylan ilipotoka mwaka 1962, Van Ronk alilazimika kuacha kuuimba wimbo huo, kwa maana watu walimwambia kwamba ameuiga kwa Dylan! Hebu fikirini. Mtu analima shamba, kisha anaambiwa kwamba anaiba mahindi ya jirani. Tutaona kwamba Dylan naye zamu yake ilifika.

2. VIJANA WATANO WA NEWCASTLE

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza. Kaskazini mwa nchi hiyo, kando ya mto Tyne, upo mji unaoitwa Newcastle. Siku zile ulikuwa mji wa makaa ya mawe na wa kuunda meli. Watu wake walikuwa wafanyakazi, na vijana wake walipenda sana muziki wa watu weusi wa Marekani.

Vijana watano wa huko waliunda bendi, wakaiita The Animals, yaani Wanyama. Majina yao ni haya. Mwimbaji alikuwa Eric Burdon, mwenye sauti nzito kuliko umri wake. Mpiga kinanda alikuwa Alan Price. Mpiga gita alikuwa Hilton Valentine. Mpiga gita la besi alikuwa Chas Chandler, kijana mrefu aliyekuwa amefanya kazi katika karakana za meli. Na mpiga ngoma alikuwa John Steel.

Walipiga muziki katika vilabu vya Newcastle, kisha wakahamia London. Huko walimpata mtengenezaji wa sahani aliyeitwa Mickie Most. Sahani yao ya kwanza ilitoka mapema mwaka 1964. Haikufanya vibaya, walakini haikufika juu. Ilikomea nafasi ya 21 katika orodha ya Uingereza.

Mwezi wa Mei mwaka huo walipata bahati. Mwanamuziki mashuhuri wa Marekani, Chuck Berry, alikuja Uingereza kufanya ziara, na The Animals wakawa miongoni mwa bendi zilizofuatana naye. Sasa wakawaza. Chuck Berry alikuwa bingwa wa muziki wa roki wa haraka. Bendi ikijaribu kushindana naye kwa kasi na kelele, itaonekana ndogo. Basi wao wakachagua njia nyingine. Wakachukua ule wimbo wa asili wa huzuni, wakaupiga mwishoni mwa zamu yao jukwaani.

Hawakuupiga kama Dylan, aliyekuwa na gita lake peke yake. Waliupanga upya kwa vyombo vyao vyote. Hilton Valentine alizifuata sauti za gita alizozisikia katika sahani ya Dylan, lakini hakuzipiga kwa mkupuo. Alizipiga moja moja, zikipanda na kushuka kama mtu anayepanda ngazi na kuteremka. Sauti hizo ndizo zinazofungua wimbo, na mpaka leo vijana wengi duniani wanaojifunza gita huzijaribu. Besi na ngoma zikafuata kwa mwendo wa kuyumba, kama chombo baharini. Burdon akaanza kuimba kwa sauti ya chini, kisha akapaza zaidi na zaidi hata mwisho akawa kama mtu anayelia. Na katikati Alan Price akaingia na kinanda chake, kikawaka kama moto wa nyika.

Mwaona, basi. Wimbo ule ulikuwa wa wazee, lakini namna ile ya kuupiga ilikuwa mpya, nayo ilitengenezwa na watu watano. Watu ukumbini wakaupenda. Kila walikokwenda, wimbo huo ndio uliokumbukwa.

3. ASUBUHI MOJA STUDIONI

Tarehe 17 Mei 1964 bendi ilipiga muziki Liverpool. Kutoka huko wakasafiri hadi London, maana siku ya pili yake, tarehe 18 Mei, Mickie Most alikuwa amewawekea nafasi katika studio iitwayo De Lane Lea, mtaa wa Kingsway. Nafasi hiyo ilikuwa ya kazi nyingine. Vijana wakamwomba awanase na wimbo wao wa asili, kwa kuwa wameona jinsi watu wanavyoupokea. Akakubali.

Siku hizi wanamuziki huweza kukaa studioni miezi. Mmoja anarekodi leo, mwingine wiki ijayo, na makosa yanasahihishwa kwa mashine. Lakini siku ile haikuwa hivyo. Wote watano walisimama katika chumba kimoja, wakapiga kidogo ili fundi wa mitambo apime sauti, kisha wakaupiga wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Mara moja tu. Hawakurudia. John Steel alisimulia baadaye kwamba walipokwisha kusikiliza, Most alisema papo hapo kwamba kazi imekwisha na kwamba wimbo huo utatolewa.

Kulikuwa na tatizo moja. Wimbo ulikuwa mrefu. Siku zile nyimbo za sahani ndogo zilikuwa za dakika mbili na nusu au tatu, lakini huu ulipita dakika nne. Fundi alisema ni mrefu mno. Most akakataa kuukata. Alisema kwamba sahani za siku hizo zina mfereji mwembamba kuliko za zamani, kwa hiyo wimbo mrefu utaenea. Hivyo, kwa Uingereza, wimbo ukatoka mzima.

4. WIMBO UNAPANDA

Sahani ilitolewa Uingereza mwezi wa Juni 1964. Kabla ya kuendelea, tueleze kidogo maana ya nafasi ya kwanza. Kila wiki magazeti ya muziki yalikusanya hesabu kutoka maduka ya sahani: wiki hii imeuzwa ipi, na kwa wingi gani. Kisha wakazipanga sahani kwa orodha, iliyouzwa zaidi juu, nyingine chini yake. Huko Marekani gazeti la Billboard lilitazama mambo mawili: sahani zilizouzwa, na nyimbo zilizopigwa sana na redio. Kwa hiyo orodha hiyo ilikuwa kama mizani. Mwenye duka aliitazama ili ajue aagize nini, na mtu wa redio aliitazama ili ajue apige nini. Wimbo uliokuwa juu ulizidi kuuzwa kwa sababu uko juu.

Mwezi wa Julai 1964 wimbo wa The Animals ulishika nafasi ya kwanza Uingereza, ukakaa hapo wiki moja.

Huko Marekani stesheni za redio hazikupenda nyimbo ndefu. Basi sahani ya kule ilikatwa, ikabaki chini kidogo ya dakika tatu. Hata hivyo haikuzuilika. Tarehe 5 Septemba 1964 iliingia nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard, ikakaa wiki tatu. Mwaka huo bendi ya The Beatles ndiyo iliyokuwa ikitawala Marekani, na wimbo wa Waingereza ukifika juu ulikuwa wa Beatles, au uliotungwa na watu wa Beatles. The Animals walikuwa Waingereza wa kwanza katika wimbi lile kufika nafasi ya kwanza bila msaada wowote wa Beatles.

Tazameni safari ya ajabu. Wimbo ulitoka katika mji wa makaa ya mawe wa Marekani, ukavuka bahari, ukaokotwa na vijana wa mji wa makaa ya mawe wa Uingereza, ukarudi Marekani ukiwa na nguo mpya. Na Wamarekani wengi hawakutambua kwamba ni mtoto wao mwenyewe. Na Bob Dylan je? Dave Van Ronk alisimulia akicheka kwamba sasa Dylan naye aliacha kuuimba, kwa sababu watu walimwambia kwamba ameuiga kwa The Animals.

5. JINA LA NANI?

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Chukueni kalamu.

Sahani inapouzwa, fedha hugawanywa kwa njia zaidi ya moja. Waliopiga wimbo hulipwa na kampuni ya sahani kwa mkataba wao. Hilo ni fungu la wapigaji. Lakini lipo fungu lingine, nalo ni la mtunzi. Kila sahani inapouzwa, na kila mara redio inapopiga wimbo, mtunzi hulipwa mrabaha. Fungu hilo halikomi bendi inapovunjika. Laweza kuendelea miaka na miaka.

Basi wimbo wa asili, usio na mtunzi, fungu hilo apewe nani? Huko Uingereza, mtu akichukua wimbo wa asili akaupanga kwa namna mpya, aliweza kuandikishwa kuwa ndiye aliyeupanga, naye akapata mrabaha kwa mpango wake. Kwa hiyo kwenye kibandiko paliandikwa kwamba wimbo ni wa asili, na baada yake jina la aliyeupanga.

Sasa someni kibandiko cha sahani ya The Animals. Yaliandikwa maneno kwamba ni wimbo wa asili, umepangwa na Price. Basi. Burdon hayumo. Valentine hayumo. Chandler hayumo. Steel hayumo.

Kwa nini? Wenzake walieleza baadaye kwamba waliambiwa kibandiko ni kidogo, majina matano hayatoshi. Na kwa nini Price? Eric Burdon alieleza kwamba jina la kwanza la Price ndilo lililotangulia kwa mpango wa alfabeti. Hebu mwalimu aandike ubaoni majina yao ya kwanza, nanyi myapange kwa alfabeti: Alan, Chas, Eric, Hilton, John. Naam. A iko mbele. Alan ni Price.

Wale vijana walikuwa na miaka ishirini na kitu. Walikuwa katika ziara, leo mji huu, kesho mji ule, na wimbo wao ulikuwa karibu kutoka. Nani angeketi kubishana juu ya karatasi ya duara isiyozidi kiganja? Walidhani ni jina tu. Walipoanza kulipwa ndipo walipotambua kwamba kile kilikuwa kibandiko na hati pia. Mrabaha wa kupanga wimbo ulikwenda kwa aliyeandikwa.

Hapa tuseme kwa haki. Hatusemi kwamba Alan Price hakufanya kazi. Kinanda chake ni sehemu kubwa ya wimbo ule, na atakayekiondoa atauvunja wimbo. Tena yeye siye aliyetunga sheria. Sheria ilitazama karatasi, na karatasi ilikuwa na jina lake. Lakini wenzake wanne waliona wamepunjwa, na walisema hivyo hadharani kwa miaka mingi. Hilton Valentine, ambaye gita lake ndilo linalofungua wimbo, alifariki mwaka 2021. Na kwenye kibandiko kile cha 1964 jina lake halikuwako.

Bendi yenyewe haikudumu. Price aliondoka mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya ushindi ule. Mwaka 1966 bendi ya mwanzo ilikwisha. Chas Chandler aliacha kupiga besi akawa meneja, naye ndiye aliyemleta Jimi Hendrix Uingereza mwaka huo. Mwaka 1994 majina yote matano yaliingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa roki huko Marekani. Hapo nafasi ilitosha. Lakini heshima ni kitu kimoja na mrabaha ni kitu kingine.

Na Georgia Turner, yule binti wa mchimbaji? Aliolewa, akazaa watoto, akahamia kaskazini. Jina lake liliandikwa kitabuni, na kwa sababu hiyo fedha kidogo ilimfikia baadaye. Ilikuwa kidogo sana ukilinganisha na fedha zilizozunguka katika wimbo ule. Alifariki mwaka 1969. Hata hivyo sauti yake ya mwaka 1937 imehifadhiwa, na jina lake liko pamoja nayo.

6. JAMBO HILI LATUHUSUJE?

Ndugu wasikilizaji, sasa turudi nyumbani. Chukueni mfano huu.

Majirani watano wamevuna kahawa. Kila mmoja ana magunia machache. Wamekodi gari moja, wamefika ghala la chama cha ushirika. Foleni ni ndefu, jua ni kali. Karani anapima magunia yote kwa pamoja, anauliza: "Niandike jina la nani?" Wanatazamana. Mmoja anasema: "Andika lo lote, sisi ni ndugu." Karani anaandika jina la yule aliyesimama karibu na meza. Stakabadhi inatoka na jina moja.

Je, wameibiana? Hapana. Yumkini jioni ile watagawana vizuri kabisa, kila mtu apate haki yake. Lakini mwisho wa msimu chama kinatoa malipo ya pili. Karani hawajui watu watano. Analijua daftari, na ndani ya daftari mna jina moja. Na kama yule mwenye jina amehama? Na kama amefariki, na watoto wake hawajui habari za magunia ya watu wengine? Hapo ndipo undugu unapoingiliwa na maneno, na watu waliokula sahani moja wanaacha kusalimiana.

The Animals walikuwa kama majirani hao. Walikuwa marafiki, tena wa mji mmoja. Hawakuandikiana kitu mapema, wakaliacha jambo la karatasi liamuliwe kwa haraka na kwa alfabeti. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba daftari lenye jina moja kwa mali ya watu watano ni nusu ya daftari.

Mtu asiyejua kusoma ana udhuru. Hawezi kuona kilichoandikwa. Wale vijana watano walijua kusoma vizuri. Kosa lao lilikuwa kuona kwamba maandishi yale ni madogo mno kuyashughulikia. Kwa hiyo kujua kusoma peke yake hakutoshi. Yafaa kuuliza mambo matatu kila unapoona karatasi inaandikwa kwa kazi yako: Limeandikwa jina la nani? Karatasi hii italeta nini baadaye? Na kama nafasi ni ndogo, kwa nini isiletwe karatasi nyingine?

Swali hili la tatu ndilo lililokosekana mwaka 1964. Kibandiko kweli kilikuwa kidogo. Lakini watu watano wangeweza kuandikiana karatasi nyingine pembeni, mistari miwili tu, kwamba kazi ni ya wote na mrabaha ugawanywe sawasawa, wakaweka sahihi zao. Karatasi hiyo isingehitaji kubandikwa kwenye sahani.

MASWALI

1. Alan Lomax alifanya kazi gani mwaka 1937, na alimsikia nani huko Middlesboro?

2. Kwa nini Dave Van Ronk aliacha kuuimba wimbo aliokuwa ameupanga mwenyewe?

3. Wataje vijana watano wa The Animals, na useme kila mmoja alifanya kazi gani katika wimbo.

4. Fungu la wapigaji na fungu la mtunzi yana tofauti gani?

5. Kwa nini liliandikwa jina la Price, na si la mwingine?

6. Darasa lijadiliane: Je, Alan Price alikuwa na wajibu wa kuwagawia wenzake mrabaha, ingawa sheria haikumlazimisha? Kila upande utoe sababu zake.

KAZI YA KUANDIKA

Mkae watu watano watano. Fikirini kazi moja mnayoweza kuifanya pamoja: kufyatua matofali, kulima bustani, kufuga kuku, au kushona mikeka. Kisha andikeni mapatano yenu kwa mistari miwili au mitatu. Semeni kazi ni ipi, fedha zitagawanywa namna gani, na mwenzenu akiondoka itakuwaje. Chini yake kila mmoja aandike jina lake kamili kwa mkono wake mwenyewe. Asiandikiwe na jirani, hata kama herufi zake bado zinatetemeka. Ukurasa ukijaa, geuzeni upande wa pili.

Mwalimu atayasoma mapatano yenu mbele ya darasa. Nasi tutakutana tena katika somo lijalo. Kwaherini.